UZI: Ju Dou (1990), ndoa ya kununuliwa na mtoto asiyeweza kumwita baba yake "baba"

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, na natoboa hadithi yote mpaka moto wa mwisho. Kama hujaiona filamu hii na hupendi kusimuliwa, katazame kwanza halafu urudi.

Miaka ya nyuma niliitazama Ju Dou nikaiweka kwenye fungu la filamu za mapenzi ya wizi: mke kijana, mume mzee, mwanamume wa tatu ndani ya nyumba. Nilisikitika ilipoisha, nikaisahau. Wiki iliyopita nimeirudia, na safari hii nilikuwa nasikiliza jambo moja tu, yaani nani anamwita nani nani. Nilipofika mwisho sikupata usingizi. Sasa naona filamu nzima imekaa juu ya maneno ya undugu, yaani baba, mama, kaka, na kwamba hao wawili hawakushindwa na mzee aliyewatesa. Walishindwa na majina.

Nianze na nyumba yenyewe.

Tuko kijijini, China ya miaka ya 1920. Yang Jinshan ana kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Ni mzee, bahili, mkali. Ameshazika wake wawili, na wote wawili aliwatesa mpaka wakafa kwa sababu hawakumzalia mtoto wa kiume. Kasoro iko kwake, hana nguvu za kiume, lakini ndani ya nyumba ile hakuna mtu wa kulitamka hilo. Anatoa fedha na kununua mke wa tatu, msichana aitwaye Ju Dou. Gong Li aliicheza nafasi hiyo akiwa na miaka 24 hivi, na mpaka leo sijaona uso wa kamerani uliobeba hasira kwa utulivu namna ile.

Wa tatu ni Tianqing, anayechezwa na Li Baotian. Ukoo ulimlea kama mtoto wa ndugu yake Jinshan. Ni mtu mzima, hajaoa, anafanya kazi ya punda na analala hapohapo kiwandani. Kwa hiyo Jinshan kwake ni baba mdogo, na huyu msichana aliyeletwa juzi, mdogo kwa umri kuliko yeye, ni mama mdogo wake.

Litazameni hilo neno kwa Kiswahili chetu. "Mama" limo ndani yake. Siku ya kwanza wanapoonana, kabla hata hawajasema lolote la maana, tayari neno limesimama katikati yao kama ukuta.

Usiku kunasikika vilio. Nyumba ni ya mbao na sauti inapita. Jinshan anamtesa mkewe akimdai mtoto ambaye yeye mwenyewe hawezi kumpa, na anamkumbusha kwamba amemnunua, hivyo ana haki ya kumfanya apendavyo. Tianqing yuko chini, anasikia kila kitu, na hafanyi kitu. Anageuka upande wa pili. Asubuhi anaamka kufanya kazi.

Sasa nije kwenye tukio la tundu. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna tundu kwenye ukuta wa mbao, na Tianqing analitumia kumchungulia Ju Dou anapooga. Ni jambo la aibu na filamu hailifichi. Ju Dou akaligundua. Kwanza analiziba kwa majani makavu, kama ambavyo yeyote angefanya. Halafu, siku moja, anajua kabisa kwamba upande wa pili kuna jicho, na haliwekei kizuizi. Anageuka polepole. Tunachokiona sisi, na anachokiona yule mwanamume, ni mgongo na mabega yaliyojaa alama za kipigo. Na analia.

Nimewahi kusoma watu wakiliita tukio hili la ushawishi, eti mwanamke anamtega mwanamume. Sikubaliani nao hata kidogo. Yule mwanamke hana mahali pa kushtaki. Hakuna mzee wa kumwendea, hakuna ndugu, hakuna mlango. Mtu pekee anayemtazama ni huyu mwizi wa macho aliye nyuma ya ubao, basi anamfanya shahidi. Ni kama anamwambia: ulikuja kuona mwili, huu hapa mwili, tazama walichoufanya. Tianqing anaondoka pale akiwa mtu mwingine. Matamanio yake hayakuisha, ila yalichanganyika na aibu, na nadhani ndipo mapenzi yalipoanzia.

Wanapokaribiana hatimaye, ni mchana, Jinshan yuko safarini, na wako katikati ya mitambo ya kiwanda. Kigingi kinachomoka, na jora la kitambaa chekundu lililokuwa limetundikwa juu linaanza kufunguka lenyewe na kuporomoka kwenye hodhi ya rangi, mikono mingi ya kitambaa, halisimami. Kamera inatazama kitambaa. Nadhani haihitaji kutazama kingine.

---

Naendelea. Ahsanteni kwa mlioweka maoni, nitawajibu humohumo.

Ju Dou anapata mimba. Jinshan anafurahi kupita kiasi, anaamini ni yake. Mtoto anazaliwa, wa kiume, na wazee wa ukoo wanakaa kumchagulia jina. Wanampa Tianbai. Kwa majina ya ukoo ya Kichina, watoto wa kizazi kimoja mara nyingi hupewa herufi moja ya pamoja. Tianqing, Tianbai: herufi "Tian" inawaweka kwenye ngazi moja. Kwa kalamu ya wazee, mtoto amekuwa ndugu mdogo wa baba yake mzazi.

Tianqing yuko palepale. Anasikia mwanawe akipewa jina la mdogo wake, na anainamisha kichwa.

Mdau mmoja hapo juu ameuliza kwa nini watu wanalichukulia jambo hili kama kuingiliana kwa ndugu wakati Tianqing alilelewa tu, hana damu ya Jinshan, na Ju Dou ni mke aliyetoka nje. Swali zuri. Kwa Kichina, neno la kosa hilo ni luanlun. Luan ni kuvuruga. Lun ni mpangilio wa mahusiano ya watu, na ndilo neno lililomo kwenye wulun, yale mahusiano matano ya mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, ndugu mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Kwa hiyo kosa kwa jina lake ni kuuvuruga mpangilio. Damu si lazima iwepo. Tianqing amemgusa mtu wa ngazi ya wazazi wake, na hilo linatosha kumwangamiza.

Na ndoa yenyewe? Sheria ya zamani ya China ilimpa mume sababu saba za kumwacha mke: kutozaa mtoto wa kiume, uzinzi, kutowatii wakwe, maneno mengi, wizi, wivu, ugonjwa usiopona. Mke hakuwa na orodha kama hiyo mkononi. Nimeziandika hapa kwa sababu huwa naona watu wakisema Ju Dou "angeondoka tu". Aondoke kwa sababu ipi, na aende kwa nani? Waliomuuza ndio waliokuwa watu wake.

Kisha Jinshan anapata kiharusi. Anapooza kuanzia kiunoni. Wanamweka kwenye pipa la mbao lenye magurudumu, naye anajisukuma humo ndani ya nyumba aliyoitawala.

Hapa filamu inafanya jambo ambalo filamu nyingi za aina hii huliogopa: inawaonyesha wapenzi wakiwa wakatili. Hawajifichi tena. Wanaishi kama mume na mke mbele ya macho ya mzee, wakijua kwamba anajua na hawezi kufanya lolote. Ju Dou anayafurahia mateso yake. Mzee naye anajaribu kumuua mtoto, anajaribu kuichoma nyumba, na Tianqing anamtundika hewani na pipa lake kwa kamba ili asifike popote. Nilipofika pale nilijikuta namwonea huruma mtu aliyeua wake wawili, na sikuipenda huruma yangu, lakini ilikuwepo. Mtu yeyote atakayewaambia kwamba hii ni hadithi ya wema na wabaya hakuiangalia vizuri.

Halafu linakuja neno.

Tianbai yuko mdogo, hajaanza kusema vizuri. Jinshan yuko kwenye pipa lake karibu naye, na moyoni ana nia mbaya. Mtoto anamgeukia na kumwita "baba".

Sura ya yule mzee inabadilika. Muda wote huo amekuwa akitafuta njia ya kulipiza kisasi, na mtoto amempa bure. Hana haja tena ya kumuua. Akimwacha aishi na kuendelea kumwita baba, amewaua wale wawili kila siku, na hawawezi kulalamika, kwa sababu mbele ya watu ndivyo ilivyo: yeye ndiye baba. Anacheka. Anamkumbatia. Tianqing anatazama.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nne. Tianqing angeweza kumfundisha mtoto neno lingine? Alijaribu kumpenda, kumbeba, kumwangalia kwa jicho la mzazi. Lakini mtoto hujifunza maneno kwa watu, na watu wote nje ya nyumba ile walikuwa wanasema jambo moja.

---

Mkuu uliyeandika kwamba "Tianqing ni mwoga na ndiye aliyeharibu kila kitu", nakuelewa. Hata mimi nilimkasirikia. Ju Dou ndiye mwenye ujasiri wote humu. Yeye ndiye anayetaka mambo yaishe, yeye ndiye anayesema ukweli, yeye ndiye anayekuja mwisho na moto. Tianqing hata mzee akiwa amepooza bado anashindwa kumuua, kwa sababu ni baba mdogo wake. Kalelewa na hilo neno. Ninachokuomba ni ukumbuke kwamba Ju Dou aliingia kwenye nyumba ile mtu mzima, akiletwa kwa fedha, na hakuwahi kuuamini utaratibu wake. Tianqing alikulia ndani ya utaratibu huo na hana kitu kingine cha kusimamia. Mpe mtu kama huyo uhuru wa ghafla, ataendelea kuinama.

Jinshan anakufa bila kuuawa na mtu mzima yeyote. Pipa linaingia kwenye hodhi ya rangi, anazama, na mtoto anatazama akicheka, kama mchezo.

Ungedhani sasa wako huru. Hapo ndipo ukoo unapoingia.

Kwanza msiba. Ju Dou na Tianqing wanatakiwa kuonyesha uchungu wao kwa kulizuia jeneza lisiondoke: wanajitupa mbele yake wakilia, wanaanguka chini, jeneza linapita juu yao, wanainuka, wanakimbia mbele, wanajitupa tena. Mara 49. Filamu inarudia na kurudia mpaka mtazamaji mwenyewe anachoka mwili. Na juu ya jeneza ameketi Tianbai, mtoto wa mfu, mrithi, akiwatazama wazazi wake wakigaagaa vumbini kumlilia mtu waliyemchukia. Hakuna kipigo cha Jinshan alipokuwa hai kinachofikia adhabu ile.

Kisha wazee wanatoa uamuzi: mjane haruhusiwi kuolewa tena, na Tianqing haruhusiwi kulala chini ya paa moja naye. Anahama. Kuanzia hapo mapenzi yao yanakuwa ya kuibia kwelikweli, kwenye vichaka na magofu, wakiwa watu wa makamo, wakiwa na mtoto anayekua na kuanza kuelewa minong'ono. Tianbai amekuwa kijana asiyesema, asiyetabasamu. Anamsikia mtu akimsengenya mama yake na anamkimbiza na kisu.

Dada uliyeuliza kama mambo haya yalibadilika baadaye: Sheria ya Ndoa ya China ya mwaka 1950 ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa, masuria, uposaji wa watoto, kudai mali kwa ajili ya ndoa, na pia kuingilia haki ya mjane kuolewa tena. Ilitoa nafasi kwa mke kuomba talaka. Ukiisoma orodha hiyo ya makatazo baada ya kutazama filamu, ni kama mtu ameandika maisha ya Ju Dou kipengele kwa kipengele. Kwake yeye ingechelewa kwa zaidi ya miaka 20.

---

Kabla ya mwisho, niseme machache kuhusu filamu yenyewe maana wengi mmeuliza.

Waliiongoza Zhang Yimou na Yang Fengliang, kwa fedha za China na Japani, na sehemu kubwa ilipigwa picha katika kijiji cha Nanping mkoani Anhui, kwenye nyumba za kale zenye kuta ndefu na anga ndogo juu. Ile hisia ya kisima unayoipata ukiitazama, watu wako chini na mwanga uko mbali juu, inatoka kwenye majengo halisi. Msingi wake ni riwaya fupi ya Liu Heng iitwayo Fuxi Fuxi. Fuxi ni yule wa masimulizi ya kale ya Kichina ambaye pamoja na dada yake Nüwa walioana na wanadamu wakatokana nao. Kwa hiyo mwandishi ameweka kwenye jina kabisa kwamba mwanzo wa watu wote ulikuwa muungano ambao leo ukoo usingeukubali.

Rangi zake zimetokana na njia ya zamani ya Technicolor, ambayo Marekani ilikuwa imeshaiacha lakini China bado ilikuwa na mitambo yake. Katika njia hiyo nakala ya filamu hutiwa rangi hasa, rangi baada ya rangi, juu ya utepe. Filamu kuhusu watu wanaotia vitambaa rangi, nayo imetiwa rangi kwa namna hiyohiyo. Ndiyo maana ule wekundu na ule umanjano unaonekana mzito, kama unaweza kuukamua.

Ilishindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza ya China kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Serikali ya China ilitaka iondolewe kwenye shindano hilo, na nyumbani ilikuwa imepigwa marufuku hadi mwaka 1992. Wengi wameisoma kama fumbo la siasa: mzee asiye na nguvu anayekataa kuachia, vijana wanaolipa, na ilitoka chini ya mwaka mmoja baada ya Juni 1989, pale jeshi lilipoyazima maandamano ya vijana katika uwanja wa Tiananmen. Huenda ni kweli. Mimi sihitaji fumbo hilo ili iniume. Nyumba moja inanitosha.

Sasa handaki.

Wakiwa wamechoka kujificha, Ju Dou na Tianqing wanashuka kwenye handaki chini ya nyumba ili wawe pamoja mara moja bila kuonekana. Hewa ni kidogo. Wanazimia wakiwa wamekumbatiana. Tianbai anawakuta. Anamtoa mama yake, anampeleka kitandani. Anamtoa Tianqing, anambeba, na anamtupa kwenye hodhi ileile ya rangi alimozama Jinshan. Tianqing anazinduka, anashika ukingo, anang'ang'ania. Kijana anampiga kwa mti mpaka anaachia.

Na Tianbai alikuwa ameshaambiwa. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Mama yake alikuwa ameshamweleza kwa kinywa chake kwamba yule ndiye baba yake. Wengine mmeandika kwamba aliua kwa kutojua, lakini hapana, alijua. Alikuwa na mababa wawili, mmoja wa damu na mwingine wa neno, na yule wa neno ndiye ambaye Tianbai mwenyewe alimwita baba alipokuwa mdogo, ndiye aliyemkumbatia akacheka, ndiye ambaye Tianbai aliketi juu ya jeneza lake kijiji kizima kikiona. Huyu wa damu alikuwa kaka. Na kaka aliyekutwa na mama yako handakini, kijiji kimeshakuambia tangu utotoni ni mtu gani.

Ju Dou anabaki peke yake kiwandani. Anawasha moto kwenye vitambaa. Majora yaliyotundikwa yanashika kutoka chini kwenda juu, mekundu na ya njano, moto unakwea kwa njia ileile ambayo kile kitambaa chekundu cha siku ya kwanza kilishuka. Yeye amesimama katikati yake na picha inaganda hapo.

Hatumsikii akimwita mtu yeyote. Tianqing hayupo, na yule kijana hatujui yuko wapi.

Mwenye kuliona lile tukio la handaki kwa namna nyingine, hasa nia ya Tianbai, aandike hapa chini. Nitarudi jioni kusoma.